CD na lektere yake: ingali na kazi gani Kasongo na Kabambare, wakati muziki umehamia katika simu?

Kwenye soko la Kasongo, mtu anayetafuta muziki leo hanunui tena CD. Anaenda kwa kijana mwenye ordinatere, pano ya jua juu ya mabati na bafle inayolia tangu asubuhi. Anamupatia simu ao fulashi, anasema anataka rumba ya zamani, kaswida kidogo, na nyimbo za kwaya za Pasaka. Analipa, anaenda. Hakuna anayeuliza nyimbo zile zilitoka wapi mbele ya kufika katika ordinatere ya yule kijana.

Hata hivyo lektere za CD hazijaisha. Ziko katika nyumba za wapenda rumba wenye umri, katika maparokia na makanisa, katika studio za radio, na kwa watu wenye kupiga muziki kwenye ndoa. Kati ya wale wanaopenda sauti safi, mabishano ni yale yale: mashine hii ingali na faida, ao imekuwa chuma ya kuwekea vumbi? Wengine wanasema CD iko na sauti ambayo simu haitaipata hata siku moja. Wengine wanacheka, wanasema ni uzee tu.

Ukweli ni kwamba wote wawili wanabishana juu ya kitu kisicho cha kwanza. Cha kwanza ni kujua nani ako na nakala kamili ya sauti. Pale njo CD inapata uzito wake Maniema ya kusini, na pale pale njo hatari yake iko.

Sahani yenyewe

CD ilitengenezwa na kampuni mbili pamoja, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Mashine ya kwanza ya kuisoma iliuzwa Japani tarehe 1 Oktoba 1982. Wakati ule, kwa Zaire, muziki ulikuwa kwenye sahani nyeusi za vinili na kwenye kaseti. Franco Luambo alikufa tarehe 12 Oktoba 1989, na kazi yake karibu yote alikuwa ameitoa kwa vinili. Kisha, katika miaka ya 1990, kampuni ya Sonodisc ya Paris ikaanza kumwaga rumba ya zamani kwenye CD, na njo kwa njia ile watu wengi wa umri wa kati walimujua Franco, Tabu Ley na wengine.

Lektere nyingi zinazoonekana Kasongo na Kabambare si za CD peke yake. Ni zile za DVD, nyepesi, za bei ya chini, zenye kusoma pia VCD, CD ya muziki na CD ya MP3 yenye nyimbo mia na zaidi. Mtu aliinunua juu ya filamu, muziki ukafuata.

Sahani ni ya plastiki, upana sentimita 12, unene milimita 1.2. Ndani yake kuna utando mwembamba wa alumini wenye vishimo vidogo sana, vimefuatana kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje. Kama ungeweza kuinyoosha njia ile, ingepita kilometa 5. Lektere inapiga taa ya laser juu ya vishimo, inatafsiri mwangaza unaorudi kuwa hesabu, na hesabu inageuzwa sauti: mara 44,100 kila sekunde, kwa upande wa kushoto na wa kuume.

Watu wengi wanaogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, kumbe upande wa hatari zaidi ni ule wa juu, wenye maandishi. Alumini iko chini ya rangi ile moja kwa moja. Upande unaong'aa uko na plastiki zaidi ya milimita moja ya kuulinda, na lektere yenyewe iko na hesabu za kurekebisha makosa madogo. Ukikwaruza upande wa maandishi mpaka alumini itoke, hakuna tena kitu cha kusoma pale.

Mega zinasema nini

Sauti ya CD inapita kwa kilobiti 1,411 kila sekunde. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128, wa namna iliyojaa katika karti nyingi za memwari, umebakiza karibu sehemu moja kwa kumi na moja. MP3 ilifanyiwa hesabu kwa akili: inatupa kwanza vitu ambavyo sikio la mtu halitavigundua haraka. Kwa mtu mwenye kusikiliza habari ao kwa simu tu, haina shida. Lakini weka rumba, ngoja sebene ifike, pale gita ya solo, ya mi-solo na ya kusindikiza zinapojibizana, na maraka ziko nyuma. Kwa MP3 dhaifu, maraka zinakuwa kama mchanga unaomwagika kwenye mabati, na magita matatu yanageuka moja nene.

Hapa lazima kusema haki. MP3 iliyotengenezwa vizuri, ya kilobiti 320 na iliyotolewa moja kwa moja kwenye sauti kamili, watu wengi hawawezi kuitofautisha na CD wakifungwa macho. Mwenye kuapa kwamba anasikia tofauti kila mara, mara mingi anasikia tofauti ya bafle.

Shida ya Kasongo ni ingine: nyimbo za kwenye karti ni nakala ya nakala. Mtu aliutoa wimbo kwenye video ya intaneti, ambako ulikuwa umekwisha kubanwa. Akaugeuza MP3, ukabanwa tena. Mwingine akaugeuza kuwa mdogo zaidi ili karti iingize nyimbo nyingi. Kisha ukapita kwa bafle ya Bluetooth, ambayo nayo inabana sauti kwa namna yake mbele ya kuipiga. Ni kama fotokopi ya karti ya uchaguzi iliyotolewa kwa fotokopi ingine: jina linasomeka, sura ya mtu haionekani tena.

CD ya orijinali, ikiingia katika lektere na waya kwenda kwenye ampli, haikupita ile njia yote. Njo tofauti ambayo wazee wanasikia, hata kama wanaieleza kwa maneno ya uganga.

Na muziki wa moja kwa moja kwa intaneti?

Dunia imekwisha kuhama, hakuna kuficha. Marekani iliuza CD milioni 942 mwaka 2000. Mwaka 2022 ilibaki milioni 33, na kwa mara ya kwanza tangu 1987 vinili ikaipita CD kwa hesabu ya sahani zilizouzwa. Spotify ilifungua mlango kwa RDC mwaka 2021. Apple Music ilianza mwaka ule ule wa 2021 kutoa sauti isiyopunguzwa, na Spotify ikafuata mwaka 2025 kwa wanaolipa katika inchi kadhaa. Kwa hiyo mtu wa Nairobi ao Paris mwenye rezo nzuri anaweza leo kupata sauti ya kiasi cha CD bila CD. Kwake yeye lektere ni kitu cha kupenda tu, kama saa ya kuzungusha kwa mkono.

Kwa Kasongo hesabu iko ingine. Saa moja ya kusikiliza kwa kilobiti 320 inakula karibu mega 144. Sauti kamili ya CD, bila kubanwa hata kidogo, ni karibu mega 635 kwa saa. Kila mtu anayenunua mega kwa simu anaweza kulinganisha na kile analipa. Na hapo ni katikati ya mji, ambako rezo inapatikana. Ukitoka kuelekea vijiji vya ndani vya Kabambare, kuna mahali ambapo mtu anapanda kilima ili kupiga simu; kusikiliza muziki kwa intaneti pale haliko swali. Ongeza kwamba kampuni zile mara mingi zinataka malipo kwa karti ya benki.

CD haiombi mega. Inaomba umeme tu, na umeme wenyewe si mdogo kwa mtu mwenye pano moja: lektere ya DVD inakula wati zaidi ya kumi, ampli juu yake, wakati simu inapiga muziki usiku mzima na batiri yake ndogo. Kwa upande huu simu inashinda, na inashinda mbali. Ni sababu kubwa ya lektere nyingi kulala chini ya kitanda.

Jina la mwenye wimbo

Kuna hasara ingine ambayo watu wa radio wanaijua kuliko wengine. CD ya orijinali iko na kikaratasi: nani alitunga, nani aliimba, mwaka gani. Kwenye karti wimbo unaitwa "Track 07" ao "Franco mix 3".

Mfano ni "Mabele". Ukisikia sokoni, watu watakuambia ni wimbo wa Franco, kwa kuwa ni OK Jazz. Aliyeutunga ni Simaro Lutumba, aliyekufa tarehe 30 Machi 2019, na sauti inayosikika ni ya Sam Mangwana. Ulitoka mwaka 1974. Mtangazaji mwenye kikaratasi mkononi hakosei. Mwenye fulashi peke yake anakosea mbele ya wasikilizaji, na kosa linaendelea kutoka kizazi kwa kizazi. Rumba iliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwezi wa Desemba 2021, kwa ombi la Congo zote mbili. Urithi ambao majina ya wenyewe yamepotea ni urithi nusu.

Lakini si kila CD ni ya kuinamia. Nyingine za rumba ya zamani zilitengenezwa kwa kunakili vinili iliyokwisha kuchoka, na mkwaruzo unasikika. Nyingine ziliandikwa majina ya uongo kwenye karatasi yake. Na CD za soko, zile zenye karatasi ya fotokopi ya rangi, ndani yake mara mingi ni MP3 ile ile dhaifu iliyogeuzwa kuwa CD. Kubana kulikwisha kufanyika. Sahani haiwezi kurudisha kilichotupwa. Mwenye kuilipia akidhani ananunua sauti safi anapoteza makuta yake.

Sahani za kugrava: hapa njo saa inakimbia

Mpaka hapa ni mambo ya starehe. Kuna CD zingine ambazo hakuna simu wala kampuni ya dunia itakurudishia.

Kati ya wakati wa kaseti na wakati wa fulashi, kulikuwa kipindi ambacho kila kitu cha maana kiligravwa kwenye CD. Ndoa. Matanga. Kwaya ya parokia kwenye siku ya kupewa daraja kwa padri. Maulidi, kwa kuwa Kasongo ni moja ya makao ya zamani ya Uislamu katika Congo, tangu wakati wa misafara ya Waswahili katika karne ya 19. Radio nazo ziligrava matangazo: mzee anaeleza asili ya ukoo, mama anaimba wimbo wa kulea mtoto ao wa kutwanga, chifu anasimulia mipaka. Wengi wa wale waliosema wamekwisha kufa. Sauti zao ziko kwenye sahani ndani ya kartoni.

Watu wanadhani CD haiozi. Ile ya kiwanda inadumu kweli, maana vishimo vyake vilipigwa katika plastiki. Ile ya kugrava haina vishimo. Iko na rangi ya kemikali ambayo laser iliichoma alama, na rangi ile haipendi jua, joto wala unyevu, vitu vitatu ambavyo Maniema inavyo vya kutosha. Nyaraka za Taifa za Marekani, ambazo kazi yake ni kutunza kumbukumbu, ziliandika kwamba kwa uzoefu tutegemee CD na DVD za kugrava miaka 2 mpaka 5, hata kama wenye kuziuza wanaahidi 10, 25 ao zaidi. Zingine zinafika miaka ishirini bila shida. Hakuna njia ya kujua kwa kuangalia. Siku moja lektere inaizungusha, inaizungusha, kisha inaandika kwamba hakuna sahani.

Ulinganisho mmoja unaonyesha thamani ya kutunza. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Jadotville, leo Likasi, akamurekodi kijana mpiga gita Jean Bosco Mwenda, na wimbo wake "Masanga" ukasikika mpaka mbali. Mwaka ule ule alirekodi pia muziki wa Ituri. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na rekodi zikakaa mahali pakavu, zimeandikwa jina, mahali na tarehe. Miaka karibu hamsini baadaye mtu wa Uholanzi, Michael Baird, akaweza kuzitoa kwenye CD, ikiwemo ile ya Ituri. Jumba la Tervuren la Ubelgiji nalo linatunza sauti nyingi za Congo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Ulaya anaweza kusikia ngoma ya Ituri ya 1952, wakati mtoto wa Kasongo hawezi kusikia tangazo lililogravwa katika mji wake juzi juzi tu.

Kabambare iko na shida ya juu yake. Vijiji vingi vya teritwari ile, hata upande wa Salamabila, watu wamekimbia vita zaidi ya mara moja. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria, simu. Kartoni ya sahani inabaki. Ni kwa sababu hii karti ya memwari, pamoja na ubaya wake wote wa sauti, imeokoa vitu ambavyo CD isingeokoa: inaingia katika kona ya kitambaa.

Mbele ya lektere kufa

Lektere inakufa polepole. Kwanza inakataa sahani za kugrava, kisha zenye mikwaruzo, mwisho zote. Mara mingi ni vumbi kwenye kioo kidogo cha laser. Fundi anakipanguza kwa pamba yenye alkoli safi bila kukandamiza, na mashine inarudi. Ikiwa laser yenyewe imechoka, lazima kuibadilisha, na kupata ya kuibadilisha kunazidi kuwa kugumu. Lektere nzima iliyokufa isitupwe: laser yake inaweza kufaa ingine.

Sahani inapanguzwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja. Kuzungusha mkono kunatengeneza mkwaruzo unaofuata njia ya sauti, na ule lektere haiwezi kuurekebisha.

Kosa linalopoteza sauti nyingi zaidi linafanyika kwenye ordinatere. Mtu anaingiza CD ya muziki, anaona "Track01.cda", "Track02.cda", anazivuta mpaka kwenye fulashi, inachukua sekunde moja, anafurahi. Zile faili ziko na uzito wa baiti 44. Hazina sauti hata kidogo. Ni alama tu za kuonyesha wimbo unaanzia wapi kwenye sahani. Wengine waligawa ao kutupa CD kisha wakagundua kwamba fulashi iko wazi. Wimbo wa dakika tano uliotoka kamili unapaswa kuwa na mega karibu 50. Ukiona uzito ni mdogo kuliko mega moja, hakuna kilichonakiliwa.

Njia nzuri ni programu ya kutoa sauti kwenye CD. Exact Audio Copy ni ya bure, na inarudia kusoma mahali pagumu mara nyingi, kwa hiyo inafaa sahani zenye kuumwa. Chagua FLAC: inapunguza uzito karibu nusu bila kutupa sauti. Karti ya giga 8 inaingiza hivyo CD karibu ishirini nzima. MP3 unaweza kuitengeneza baadaye kwa simu, lakini FLAC haitatoka kwenye MP3.

Karti za bei ya chini sana sokoni mara mingi zinadanganya: zinaandikwa giga 32 kumbe ziko na 4, na faili za mwisho zinafuta za kwanza. Jaza karti mpya yote, kisha fungua faili za mwanzo na za mwisho, mbele ya kuiamini na sauti ya marehemu. Nakala mbili, mahali pawili: moja kwa nyumba, ingine kwa ndugu wa Kindu ao Kalemie.

Anza na zile za kugrava. Za Franco zitangojea, ziko Paris na London pia. Sahani ambayo lektere ya nyumba inakataa, ijaribu kwenye ordinatere mbili tatu tofauti na kwenye lektere ya zamani ya jirani, maana laser hazifanani. Na faili isibaki kuitwa "Track 07". Andika nani anasema, kijiji gani, mwaka gani, na kama ni wimbo, unaimbwa wakati gani. Watoto wa yule mzee wanaweza kusema bado. Wajukuu wake wengi hawataitambua sauti.